Pro bono publico: Maana, Asili na Matumizi ya Istilahi ya Huduma za Kitaalamu Bila Ada katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Istilahi pro bono ni miongoni mwa maneno machache ya Kilatini yaliyotoka katika vitabu vya sheria na kuingia katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili. Jijini Mwanza si ajabu kumsikia mtu asiyesoma sheria akieleza kwamba ndugu yake amepata wakili wa pro bono. Akiulizwa maana yake, jibu huwa fupi: wakili wa bure. Makala haya yanachunguza jibu hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba tafsiri ya "bure" inachukua tokeo la istilahi na kuacha kiini chake, na kwamba upungufu huo una athari kwa watu wanaotafuta haki katika mikoa inayolizunguka ziwa.

Umbo na asili ya maneno

Umbo kamili la istilahi ni pro bono publico. Neno pro ni kihusishi chenye maana ya "kwa ajili ya" au "kwa niaba ya", na katika sarufi ya Kilatini nomino inayokifuata huchukua umbo la uhusika wa ablativu. Bono ni umbo hilo la nomino bonum, yaani "jema" au "manufaa". Publico ni kivumishi kinachopatana na bono kwa jinsia, idadi na uhusika, nacho kina maana ya "-a umma". Kwa tafsiri ya neno kwa neno, istilahi nzima ni "kwa ajili ya manufaa ya umma". Hakuna kati ya maneno hayo matatu hata moja linalotaja fedha, ada au malipo. Istilahi inataja lengo la kazi. Bei yake haiigusi kabisa.

Kivumishi bonus kilitokana na umbo la kale zaidi, duenos, linaloonekana katika maandishi yaliyochorwa juu ya chombo cha udongo kilichopatikana Roma mwaka 1880. Publicus nacho kilitokana na poplicus, kutoka nomino populus, "watu" wa dola, ingawa wanaisimu huona pia mvuto wa neno pubes, lililohusu wanaume waliofikia utu uzima. Mvuto huo una maana kwa mtafiti wa jinsia na sheria: umma wa awali wa Kirumi haukuwa watu wote. Ulikuwa wanaume wenye haki ya kupiga kura na kubeba silaha. Neno la Kiswahili "umma", lililotoka katika Kiarabu, lilianza na maana ya jamii au taifa, hasa jamii ya waumini, kabla ya kupanuka likaingia katika "mali ya umma", "utumishi wa umma" na "maslahi ya umma". Maneno yote mawili, kwa hiyo, yalianza na mipaka ya nani anahesabiwa, kisha mipaka hiyo ikasogezwa.

Roma: pale ambapo kutolipwa kulikuwa sheria

Ingetarajiwa kwamba mawakili wa Roma ndio waliotumia istilahi hii kwa kazi walizofanya bila malipo. Sivyo ilivyokuwa, na sababu yake ni rahisi. Mwaka 204 KK ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Lex Cincia, iliyokataza mtu kupokea zawadi kwa ajili ya kumtetea mwingine mahakamani. Kisheria kila utetezi ulikuwa bila ada, hivyo hapakuwa na haja ya jina la pekee la utetezi wa namna hiyo. Anayetetea alikuwa mtu wa tabaka la juu, na aliyetetewa alikuwa chini ya himaya yake. Deni lililipwa kwa njia nyingine: kura wakati wa uchaguzi, sifa mbele ya watu na kumsindikiza bwana barabarani. Katazo lilivunjwa mara nyingi mno, hata mwaka 47 BK mfalme Klaudio akaamua kuweka kikomo cha sesta 10,000 kwa shauri moja badala ya kuendelea kulikataza jambo lililokuwa likifanyika wazi. Malipo yaliyokubalika yaliitwa honorarium, jina linalodai kwamba kinachotolewa ni heshima wala si ujira. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki bado vinalitumia neno hilo kwa posho ya mtahini wa nje.

Huduma isiyolipiwa fedha, basi, si lazima iwe haina malipo, na mfano wa Roma unasaidia kuuona mwambao wa ziwa kwa jicho kavu. Katika jamii ya Wasukuma vijana walikuwa na umoja wa kazi chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, nao walilima shamba la mwenzao kwa pamoja. Ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, imetokana na kilimo cha namna hiyo. Mwenye shamba hakulipa ujira, lakini aliandaa chakula, na zamu yake ilipofika alitarajiwa kwenda kwa wengine. Waandishi wanaotaja ushirika huo kuwa ni "pro bono ya Kiafrika" wanachanganya mambo mawili. Ushirika wa kulima ni mzunguko wa wajibu kati ya watu walio sawa, ilhali pro bono publico ni kazi ya mtaalamu kwa mtu ambaye hataweza kuirudisha. Daktari hategemei kwamba mgonjwa wake siku moja atampasua.

Kutoka Uingereza hadi nchi za ziwa

Njia iliyoifikisha istilahi Afrika Mashariki ilipita Uingereza na Marekani. Mwaka 1495, wakati wa Mfalme Henry VII, Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyowawezesha maskini kufungua mashauri bila ada na kupangiwa mawakili wasiowatoza. Utaratibu huo uliitwa in forma pauperis, "kwa hali ya mtu fukara". Uzao wake ungali hai Tanzania: Amri ya XXXIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inahusu mashauri ya watu fukara, yaani wale wanaoomba kuruhusiwa kufungua shauri bila kulipa ada ya mahakama. Tofauti ya mkazo ni kubwa. In forma pauperis inamtazama mpokeaji na ufukara wake, na humlazimu authibitishe mbele ya hakimu. Pro bono publico inamtazama mtoaji na kusudi lake.

Maneno pro bono publico yenyewe, katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, yalijulikana zaidi kama jina la kujificha la waandishi wa barua kwa magazeti. Raia aliyekerwa na mtaro mchafu au kodi mpya alitia saini hiyo kudai kwamba anasema kwa faida ya wote. Ni katika Marekani ya karne ya 20 ambapo istilahi ilikatwa ikabaki pro bono na kuwa jina la kazi ya wakili isiyotozwa ada. Chama cha Mawakili cha Marekani kinamhimiza kila mwanachama atoe angalau saa 50 kwa mwaka. Uganda ilikwenda mbali zaidi: kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kwa watu wasiojiweza, au alipe fedha badala yake.

Ukato huo wa neno publico haukuwa jambo dogo. Kilichobaki, "kwa ajili ya jema", hakisemi tena ni jema la nani. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na maana ya bei.

Upande wa magharibi wa eneo la maziwa historia ilikuwa nyingine. Katika Kongo, iliyorithi sheria za Ubelgiji, wakili asiyelipwa na mteja huitwa wakili wa pro deo, "kwa ajili ya Mungu", na vyama vya mawakili vya miji kama Goma na Bukavu vina ofisi za ushauri wa bure wa kisheria. Msemaji wa Kiswahili wa pwani hana haja ya kufafanuliwa dhana hiyo, kwa kuwa anayo tayari: fisabilillahi, yaani katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mtu anapofundisha chuoni au anapochimba kaburi fisabilillahi, hapokei ujira, na hakuna anayeidharau kazi yake kwa sababu hiyo. Neno linataja kusudi, kama istilahi ya Kilatini inavyofanya, na linakwenda hatua moja zaidi kwa kumtaja atakayelipa.

"Bure" na maneno jirani yake

Ikilinganishwa na fisabilillahi, "bure" ni neno lenye mashaka. Kamusi zinalipa angalau maana mbili: bila malipo, na bila faida au bila sababu. Kazi bure ni kazi iliyopotea. Mtu bure ni mtu asiyefaa. Aliyepigwa bure hakuwa na kosa. Maana hizo haziishi katika vyumba tofauti vya akili ya msemaji, zinaingiliana. Mteja anayeambiwa kwamba wakili wake ni wa bure ana haki kabisa, kwa mantiki ya lugha yake, kushuku kwamba utetezi nao utakuwa bure.

Shaka hiyo inawafaa vishoka. Kishoka, katika Kiswahili cha Tanzania, ni mtu anayefanya kazi ya kitaalamu bila sifa wala leseni, na mawakili vishoka wanafahamika: huandika hati, huahidi ushindi na huchukua fedha. Kwa mtu aliyeshawishika kwamba kisicholipiwa hakina thamani, kishoka anayedai kiasi kidogo anaweza kuonekana wa kuaminika kuliko wakili mwenye leseni asiyedai chochote.

"Kujitolea" ni bora zaidi, maana linaeleza nia ya mtoaji. Hata hivyo halibainishi utaalamu. Wavuvi wanaokwenda kuokoa watu wa chombo kilichopinduka ziwani wanajitolea, na thamani ya tendo lao haiwezi kupimwa. Lakini halihitaji leseni wala halina kiwango cha kitaalamu cha kuwajibisha mtu baadaye. Wakili anayefanya kazi bila ada anabaki na wajibu uleule wa kutunza siri, wa kuhudhuria na wa kufahamu sheria kama angekuwa amelipwa kikamilifu. "Hisani" inamweka mpokeaji chini ya fadhila. "Msaada wa kisheria" ndilo jina lililomo katika sheria za nchi, na linastahili kujadiliwa peke yake kwa kuwa halilingani na pro bono, ijapokuwa maneno haya mawili hutumiwa kwa kubadilishana hata katika tasnifu.

Msaada wa kisheria si pro bono kila mara

Sheria ya mwaka 1969 iliweka utaratibu wa mtuhumiwa wa kosa la jinai asiye na uwezo kupangiwa wakili na mahakama. Wakili huyo alilipwa na Serikali, kwa kiwango kidogo ambacho mawakili wamekilalamikia kwa miongo. Kwa mtuhumiwa huduma hiyo ni bila ada. Kwa wakili siyo. Hivyo utetezi wa kupangiwa katika kesi ya mauaji mbele ya Mahakama Kuu Mwanza ni msaada wa kisheria, lakini si pro bono kwa maana halisi. Mwaka 1990, katika shauri la Khasim Hamisi Manywele dhidi ya Jamhuri lililoamuliwa Dodoma, Jaji Mwalusanya aliuona msaada huo kuwa haki inayotokana na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba kuhusu kusikilizwa kwa haki, wala si upendeleo wa dola. Hapo ndipo ulipo mpaka wa dhana. Haki hudaiwa. Pro bono, hata inapohimizwa, hutoka katika dhamiri na maadili ya taaluma.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilifuta ile ya 1969 na kupanua uwanja. Iliweka msajili wa watoa huduma na ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo ya msingi wanaoelimisha, kuelekeza na kusuluhisha bila kufanya kazi ya uwakili mahakamani. Katika Kanda ya Ziwa wasaidizi hao ndio wanaoonekana vijijini. Shirika la Kivulini, lililoanzishwa Mwanza mwaka 1999 kwa ajili ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, lilijenga sehemu ya kazi yake juu ya watu wa namna hiyo. Na jina lake, lenye taswira ya kivuli mahali ambapo watu huketi na kusemezana, linaeleza huduma kwa ufasaha ambao "wakili wa bure" halina.

Kuna sababu ya kimuundo iliyofanya uwakili wa pro bono uwe adimu katika ngazi ya chini. Mirathi ya kimila ya mwanakijiji huanzia Mahakama ya Mwanzo, na kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Ni marekebisho ya mwaka 2021 yaliyowafungulia mlango, tena pale tu inapoongozwa na hakimu mkazi. Kabla ya hapo wakili mwenye nia njema kuliko wote angeweza kumwandalia mjane nyaraka na kumshauri, lakini mlangoni angelazimika kumwacha aingie peke yake.

Publico: mashauri mawili ya urithi

Maana ya neno lililokatwa, publico, inaonekana vizuri katika mashauri mawili ya kanda hii. Yote mawili yalihusu Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika sheria za mila za urithi.

La kwanza ni Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa baba yake huko Kagera, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alipinga kwa hoja kwamba mila ya Kihaya haimpi mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilitegemea haki za binadamu zilizomo katika Katiba na kuamua kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza sawa na mwanamume. Shamba lilikuwa la mtu mmoja, ilhali kanuni iliyotokana nalo imesomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini tangu wakati huo. Shauri hili halitajwi hapa kama mfano wa utetezi bila ada. Linaonyesha jinsi mgogoro wa familia moja unavyoweza kuzaa manufaa ya umma.

Mfano wa utetezi wenyewe ni shauri la wajane wawili wa Shinyanga, wanaotambulika katika hati za kimataifa kwa herufi E.S. na S.C. Waliolewa kwa mila za Kisukuma, na waume zao walipofariki walinyang'anywa mali na kuondolewa katika nyumba zao. Mwaka 2005 walifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Tangazo Na. 436. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba vifungu hivyo vina ubaguzi, lakini ikasita kuvibatilisha kwa maoni kwamba mila haibadilishwi kwa amri ya mahakama. Rufaa iliondolewa mwaka 2010 kwa kasoro za hati, si kwa uzito wa hoja. Wajane hao, wakisimamiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake pamoja na kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Georgetown, walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati iliona kwamba Tanzania ilikiuka mkataba, ikapendekeza wajane walipwe fidia na sheria hizo zirekebishwe.

Ni miaka kumi ya kazi. Hakuna mjane wa Usukuma, wala mfanyabiashara wa kawaida wa soko lolote la Mwanza, ambaye angemudu ada ya mawakili kwa muda huo. Kwa mizani ya "bure" matokeo yanaweza kuonekana haba: wateja walishindwa katika mahakama zote za nchi yao. Kwa mizani ya publico sura ni nyingine, kwa kuwa swali lililoulizwa lilihusu kila mjane anayeguswa na Tangazo hilo, na jibu lake limeandikwa. Hapa mtafiti anaweza kupinga kwamba manufaa ya umma yasitumike kuficha hasara ya mteja, na pingamizi hilo ni zito. E.S. na S.C. walitaka nyumba zao. Wakili anayechagua shauri kwa sababu litazaa kanuni ana wajibu wa kumwambia mteja hivyo mapema, kwa lugha anayoielewa.

Gharama ambazo neno halizitaji

Tatizo la mwisho ni la kila siku zaidi. Mkazi wa Ukerewe mwenye rufaa katika Mahakama Kuu Mwanza anaweza kupata wakili asiyemtoza. Bado kuna nauli ya chombo kutoka Nansio, malazi ikiwa shauri litaahirishwa hadi kesho yake, kudurufu nyaraka, ada ya kufungua iwapo hakuomba msamaha, na siku za uvuvi au shamba zilizopotea. Kuahirishwa mara nne ni safari nne. Aliyeambiwa "ni bure" anapofika ukingoni mwa fedha zake huona amedanganywa, na lawama humwendea wakili ambaye hakupokea hata senti. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, na mabanda ya ushauri ya Wiki ya Sheria kila mwanzo wa mwaka yamesogeza ushauri karibu na watu. Ushauri wa siku moja, hata hivyo, haumsafirishi mtu kwenda kusikiliza rufaa.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini, na watafsiri wa hukumu wanahitaji istilahi ya kusimama mahali pa pro bono. "Huduma ya kitaalamu bila ada kwa manufaa ya umma" ni ndefu, lakini inabeba sehemu zote: utaalamu, ada na lengo. Ikifupishwa, "uwakili bila ada" inatosha katika mazungumzo, kwa kuwa "ada" hutenga kile ambacho wakili anakisamehe na gharama nyingine zinazobaki. Katika fomu ambayo mteja wa Nansio anatiliwa saini au dole gumba, tofauti hiyo ingeandikwa kwa mistari miwili: wakili hatadai ada yoyote, nauli, malazi na kudurufu nyaraka vitalipwa na nani, na hadi kiasi gani.